Sura ya Tano: Swichi Iliyoelekea Ukutani

Inspekta Nurys Polanco alikuwa amezoea watuhumiwa wanaojiokoa kwa uongo. Huyu Yokasta Peguero alikuwa akijimaliza kwa maneno yake mwenyewe, na hakutaka kunyamaza.

"Narudia, afande. Kile kifaa kikizimika, kinafunga njia. Hakipitishi kitu. Nilikipanga mwenyewe, nikakijaribu mwenyewe."

"Unajua unachokisema?"

"Najua."

"Unasema hakuna mtu wa nje aliyeweza kuiona ile orodha. Basi aliiona mtu wa ndani. Na wa ndani wenye ruhusa ya kuifungua mko watatu: mkurugenzi wako, mama wa ushauri ambaye siku ile alikuwa kitandani hospitalini, na wewe. Unajivisha kitanzi, binti."

Yokasta aliitazama mikono yake. "Sasa unataka nidanganye?"

Mahabusu ya Santiago iko chini ya jengo la mahakama, na inanuka mkojo uliomwagiwa dawa yenye manukato ya maua. Nurys aliyachukia hayo maua kuliko mkojo. Alikuwa amekunywa kahawa mbili bila kula.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mayelín Disla alimkimbia mumewe, Radhamés, baada ya kipigo kilichomvunja taya. Shirika la hifadhi ya wanawake likamficha yeye na mwanawe katika nyumba ambayo anwani yake haikujulikana na mtu hata mmoja nje ya ofisi. Siku chache baadaye Radhamés alifika kwenye lango la nyumba ile akiwa na picha katika simu yake. Ilikuwa picha ya skrini, ukurasa wa orodha ya shirika: jina la mkewe, mtaa, namba ya nyumba, mpaka rangi ya lango. Alimkuta akianika nguo za mtoto, akamuua hapo hapo kwenye kamba ya nguo. Alikamatwa kabla hajatoka mtaani, na tangu hapo hakufungua kinywa kusema nani alimtumia picha ile. Laini iliyotuma ilikuwa imeshatupwa.

Mwendesha mashtaka, kijana mwenye haraka ya kupanda cheo, akamchagua fundi wa mtandao. Anajua kompyuta, alikuwa kazini siku ile, basi ni yeye. Baada ya chakula cha mchana jaji angeamua kama Yokasta alale gerezani mwaka mzima kusubiri kesi. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na kwa jinsi alivyokuwa akijitetea, angelala.

"Nieleze upya," alisema Nurys. "Nieleze kama unavyomweleza shangazi yako."

Yokasta alieleza vizuri. Chumba cha kusubiria kina intaneti ya wageni, na neno la kuingilia limebandikwa ukutani. Upande wa pili kuna kompyuta yenye orodha ya wanawake na mahali walipofichwa. Katikati ya pande hizo mbili limewekwa boksi la ulinzi, na kila kinachopita lazima kipite humo kikaguliwe. Lakini boksi ni mashine, na mashine hufa. Umeme ukikatika au likiungua, kuna mambo mawili tu: ama likate njia, ofisi nzima ikae bila mtandao, ama liunganishe waya wa huku na wa huku kana kwamba lenyewe halipo, vitu vipite bila kukaguliwa.

"Wengi huchagua kupitisha," alisema, "maana wakubwa hawavumilii intaneti ikate. Mimi nilichagua kufunga. Pale kuna watu wamejificha, afande."

"Unachagulia wapi?"

"Kuna swichi ndogo nyuma ya boksi. Nililigeuza, mgongo ukaelekea ukutani, watu wasije wakaichezea."

"Na orodha yenyewe haina neno la siri?"

Hapo msichana aliona haya. Ilikuwa nalo. Mama wa ushauri alilisahau mara kwa mara, mkurugenzi akaamuru liondolewe. Si mlinzi yupo, alisema, yaani lile boksi?

Nurys alimuuliza alikuwa wapi asubuhi ile picha ilipotumwa. Umeme ulikatika, alijibu, wafanyakazi wote wakavuka barabara kunywa kitu dukani kwa Doña Fior. Na mgeni gani aliingia ofisini siku ile? Hakuna. Jibu lile lile walilotoa wenzake wote, kila mmoja kwa sahihi yake.

Nje ya mahabusu, kwenye benchi la ukumbini, mama yake Mayelín alikuwa amekaa na nguo nyeupe na kitambaa cheupe kichwani. Siku ile ilikuwa ya mwisho ya sala za marehemu, lakini alikuja kwanza kumwona aliyemuuza mwanawe. Sajenti Wilkin Ogando alikuwa amemletea maji. Nurys alimwambia sajenti abaki naye, kisha akaondoka upesi, kwa sababu hakujua amwambie nini yule mama.

*

Don Leoncio Bisonó, mkurugenzi wa shirika, alimpokea Nurys huku anakula. Mbele yake palikuwa na sahani ya ndizi za kuponda, salami na jibini la kukaanga, na juu ya kabati televisheni kubwa kupita ya baa nyingi za mtaa ule. Alinukia marashi ya bei. Alisema msiba ule umemkondesha, na akachovya kipande kingine cha jibini kwenye mafuta.

"Binti yule nilimchukulia kama mwanangu," alisema. "Lakini moyo wa mtu ni msitu, inspekta wangu. Nasikia alikuwa na shoga yake mtaa mmoja na yule muuaji."

"Nusu ya mji huu ina shoga mtaa ule. Mimi ninao wawili. Boksi la ulinzi lilipangwaje, likizimika?"

"Hayo ya mitambo mimi siyajui kabisa."

"Sikukuuliza mitambo. Yokasta anasema linafunga."

Don Leoncio alitafuna taratibu kuliko mwanzo. "Kama amesema linafunga, basi linafunga. Yeye ndiye fundi. Niliandika hivyo kwenye maelezo yangu."

Hapo ndipo Nurys alipoanza kumtilia shaka. Bosi asiyejua mitambo huwa hakubaliani na fundi wake upesi namna ile, hasa fundi mwenyewe akiwa mahabusu. Aliomba kuona umeme ulikatika saa ngapi siku ile. Mkurugenzi akacheka. Kwetu Santiago umeme ukikatika hakuna anayeangalia saa. Mtu anasema "umeenda", anatoka nje kupunga upepo, ukirudi watoto wanapiga makofi. Ndivyo tulivyolelewa, na wezi wamelelewa hapo hapo.

Nurys alivuka barabara.

Doña Fior alikuwa mwanamke mnene aliyeendesha duka lake akiwa ameketi. Alikumbuka vizuri asubuhi ile, kwa sababu ofisi nzima ilimhamia, na mmoja wao alimvunjia glasi. Aliwauzia juisi ya pasheni.

"Ya moto?" aliuliza Nurys.

"Baridi, mwanangu. Juisi ya moto nani anainunua?"

"Na umeme umekatika?"

Doña Fior alimtazama kama mtu anayetazama mtoto mzito wa kuelewa. "Kwangu haukukatika. Redio ilikuwa inalia, mpaka wale wasichana wakawa wanacheza hapo mlangoni. Ni kwao tu palipozimwa. Si alikuja yule wa betri?"

"Yupi wa betri?"

"Chelo. Wa kutia maji. Anazima, anatia maji, anawasha. Mara nyingine anakaa kidogo mle ndani kwenye feni kabla hawajarudi."

Nurys alisimama pale na mkono juu ya kaunta. Kila nyumba na kila ofisi ya mji ule ina inveta na betri zake, kwa kuwa umeme wa serikali hauaminiki, na kila baada ya muda huja mtu na galoni ya maji ya betri, anaingia mpaka uvunguni mwa ngazi, anatoka. Watu kumi walikuwa wameapa kwamba siku ile hakuingia mtu. Hawakudanganya hata mmoja. Wa betri hawakumhesabu. Na yeye Nurys, aliyekuwa na wa kwake nyumbani, hakulijua jina lake.

Alirudi ofisini bila kununua hata juisi.

*

Don Leoncio alimkuta Nurys tayari amepiga magoti uvunguni mwa ngazi, mbele ya kabati la mitambo. Betri nne za inveta zilikuwa pale pembeni, na juu yake boksi la ulinzi, mgongo ukutani, kama Yokasta alivyosema. Akaanza kulalamika kwamba hilo linahitaji kibali.

"Kibali ninacho. Keti pale chumba cha kusubiria, Don Leoncio. Kuna viti vizuri."

Alizima inveta na umeme wa ukutani, ofisi nzima ikanyamaza. Wafanyakazi wakaanza kuinuka kuelekea mlangoni, na Nurys akawaambia warudi wakae. Kisha akawasha. Taa ziliwaka mara moja. Intaneti ya wageni ilirudi punde si punde. Kompyuta ya orodha haikuwa imezimika hata kidogo, kwa kuwa ilikuwa ya mapajani na ina betri yake. Boksi la ulinzi pekee lilikuwa bado linahangaika, taa yake nyekundu inapepesa. Mashine za aina ile hujikagua kwanza kabla ya kuanza kazi, na hazina haraka.

Nurys aliketi kando ya mkurugenzi, akaingiza kwenye simu yake lile neno lililobandikwa ukutani, kisha akaandika anwani ya kompyuta ya orodha, aliyopewa na Yokasta kule mahabusu. Kama boksi lilikuwa linafunga, simu ingeonyesha ukurasa mtupu.

Simu ilionyesha majina. Wanawake kumi na mmoja, mmoja chini ya mwingine, na mitaa, na namba za nyumba, na rangi za malango. Jina la Mayelín bado lilikuwa pale, hakuna aliyejisumbua kulifuta.

 Nurys aliiinamisha simu ile haraka, kwa sababu mtu wa tatu kutoka kwake, mgeni aliyekuja kwa shida zake, alikuwa naye ameshika simu. Alingoja mpaka taa ya boksi ikawa ya kijani. Ukurasa ukafa. Mlinzi alikuwa ameamka, na hakuna ambaye angejua kwamba alisinzia.

Alirudi kabatini, akalivuta boksi kwa kitambaa na kulimulika nyuma. Swichi ilikuwa ndogo kuliko ukucha. Ilikuwa imesukumwa upande wa kupitisha, na pembeni yake palikuwa na doa la grisi nzito ya kijivu, ile ile iliyopakwa kwenye vichwa vya betri ili visiote kutu. Mafundi wa mtandao hawashiki grisi. Alimpigia mtu wa alama za vidole aje, kisha akaufunga mlango wa ofisi ya mkurugenzi kwa ndani. Ile sahani bado ilikuwa mezani, mafuta yameganda.

"Nani alimwambia Chelo aigeuze swichi?"

Don Leoncio alijaribu kushangaa. Alijaribu kukasirika pia. Alitaja jina la seneta fulani, na Nurys akamwambia amsalimie. Mwisho alijifuta midomo kwa leso na kusema kwa sauti ya mtu anayesimulia ajali ya mwingine.

Ilikuwa fainali ya besiboli. Alikuwa amealika watu kuja kuutazama mchezo hapo ofisini, watu wa maana. Umeme ulikuwa unachezacheza. Kila ukipepesa, televisheni hurudi mara moja lakini picha, iliyokuja kwa intaneti, hairudi, mpaka lile boksi limalize kujikagua. Mara ya tatu ilikatika wakati besi zote zimejaa wachezaji, mchezo umefika patamu. Watu walimcheka. Alimpigia Yokasta nyumbani, naye akakataa, akasema boksi lile halikuwekwa kwa ajili ya mpira. Chelo alikuwa jirani, ndiye aliyetunza betri, na ana akili ya mikono.

"Nilimwambia tu afanye lisikatike tena. Akaligeuza, akabonyeza kitu nyuma, halikukatika tena. Mimi ningejuaje kuna madhara?"

"Yokasta si alikwambia?"

"Wasichana wa kompyuta hutia chumvi."

"Ulijua lini kwamba njia ya picha ilikuwa hii?"

Aliitazama sahani. "Walipomchukua binti. Usiku ule nilifikiri... niliwaza kwamba labda."

"Ukafanya nini?"

Jibu Nurys alikuwa nalo. Kwenye mkoba wake kulikuwa na maelezo ya Don Leoncio, yenye sahihi ndefu ya madoido, kwamba kifaa kilifunga na kwamba msimamizi pekee ni Yokasta Peguero. Msichana alijifunga kwa kusema kweli aliyoijua, na mzee huyu akakaza fundo kwa kurudia maneno yale yale, akijua ni uongo. Hata hakulazimika kutunga lake.

"Inspekta, tuzungumze kama watu wazima," alisema Don Leoncio. "Shirika hili linaishi kwa wafadhili. Jambo hili likitoka nje, watafunga mifuko, na wale wanawake wataenda wapi? Fikiria wale wanawake. Tuseme Chelo aligeuza kwa kujitakia. Binti anatoka, mhalifu anaingia, na nyumba inabaki imesimama."

Alikuwa hata na ujasiri wa kumwonea Nurys huruma kwa kazi yake ngumu. Nurys alitamani kunawa uso.

"Usiwaweke mbele yako kama ngao, Don Leoncio. Ulishawaweka mara moja. Vaa koti, tunakwenda mahakamani. Na kabla hatujatoka, agiza wanawake wote kumi waliobaki wahamishwe leo hii."

Ndani ya gari alimpigia Sajenti Ogando. Alitaka kujua jambo moja tu: Chelo Burgos wa betri ana uhusiano gani na Radhamés. Sajenti alikuwa bado kwenye benchi na yule mama, akamuuliza papo hapo. Nurys aliisikia sauti ya mama kwenye simu, imetulia na ya upole.

"Chelo? Ndiye baba wa ubatizo wa mjukuu wangu. Yeye na Radhamés ni kama ndugu. Lakini Chelo ni mtu mwema, mwanangu. Tangu msiba uanze hajatuacha. Hata sasa yuko kwangu, anapanga viti vya sala."

 Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hata wao hawakusema kitakupangia na viti. Nurys alimwamuru Ogando amwache yule mama na askari wa kike, achukue watu wawili aende, na asimkamate Chelo mbele ya mtoto.

*

Chelo alikubali kabla hajafikishwa kituoni. Ogando alisimulia kwa simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kutema. Alimkuta ameshika kiti kila mkono. Chelo alisema tangu siku ya fainali alijua kwamba boksi likiwa linaamka kila kitu kiko wazi, kwa sababu aliona kwenye simu yake vitu vya ofisi ambavyo hakuwa akiviona. Alisema rafiki yake alilia, alitaka kumwona mwanawe tu, na mwanamume hawezi kumnyima mwanamume mwenzake njia ya kwenda kwa familia yake. Alipoulizwa kwa nini basi alitumia laini mpya na kuitupa, aliomba maji.

Jaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mizito, na hakupenda kucheleweshwa. Nurys alieleza mambo mafupi mafupi: boksi, swichi, grisi, jaribio. Mwendesha mashtaka alikuwa akipekua faili lake upesi upesi, kama mwenye kutafuta pa kujificha. Kisha Don Leoncio aliitwa. Aliomba asemee faraghani, jaji akakataa. Alianza kwa sauti ya chini, jaji akamwambia apaze.

Akapaza. Alisema aliamuru kifaa kigeuzwe. Alisema aliandika maelezo yasiyo kweli. Alipoulizwa sababu ya kukigeuza alisema, "Palikuwa na mchezo," na watu nyuma wakaanza kunong'ona.

Yokasta alikuwa amesimama kizimbani na pingu. Hakufurahi. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, kwa sababu sasa ndipo alipoelewa kwamba siku zote zile aliapa kwa kitu ambacho hakikuwa hivyo, na kwamba njia ilikuwa wazi mgongoni mwake. Jaji aliamuru afunguliwe. Askari alihangaika na ufunguo, na kwa muda ukumbi mzima ulisikiliza chuma kikigongana.

Kisha mama yake Mayelín akainuka. Askari wa kike alimgusa kiwiko, lakini jaji aliashiria aachwe. Mama hakulia wala hakupaza sauti. Alimtazama Don Leoncio kama anayetaka tu kujua.

"Bwana," alisema, "na huo mchezo, nani alishinda?"

Pale mtu mwingine angeinamisha kichwa. Don Leoncio alijibu kabla hajafikiri, na kwa nusu ya nukta uso wake ukachangamka.

"Sisi," alisema.